Mchoraji na Sura ya Mji

Neno mandhari lafaa kwa kila kitu kilicho mbele ya macho, lakini katika fikira za watu wengi limekwisha kufungiwa mahali padogo. Mtu akiambiwa kuwa fulani ni mchoraji wa mandhari, mara moja hufikiri mlima wenye theluji, mto upitao kati ya miti, twiga na jua linalotua. Hafikiri kituo cha mabasi, wala uchochoro wenye maji machafu, wala safu ya vibanda vya mabati kandokando ya barabara. Siku hizi wapo wachoraji, katika nchi zetu na katika nchi za mbali, ambao wameyaacha yale ya kwanza wakayashika haya ya pili. Hutafuta kazi yao katika mji na viunga vyake. Jambo hili lazusha swali ambalo halihusu ufundi wa rangi tu, maana ni swali la maadili: Je, mchoraji ana haki gani ya kuyafanya makazi ya watu wengine kuwa picha? Na je, ana wajibu wa kufanya hivyo? Haki na wajibu ni vitu viwili, kwa kuwa mtu aweza kuwa na haki ya kutenda jambo asilowajibika nalo. Mimi naona kwamba katika jambo hili mchoraji anavyo vyote viwili, lakini kwa masharti.

Ili swali lisielee hewani, na tulitie mahali. Nkwenda ni mji mdogo wa wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Si kijiji tena, wala si mji wa kutajwa sawasawa na Bukoba au Mwanza. Ni mahali ambapo maduka yamekwisha fika na migomba haijaondoka. Nyuma ya duka la vocha na mashine ya kusaga kipo kibanja cha ndizi na kahawa. Mbele yake bodaboda wanangoja abiria. Na wakati wa mavuno kahawa huanikwa hatua chache kutoka mahali magari yanapogeuzia. Juu ya vyote kuna mabati. Neno hili lenyewe lastahili kuangaliwa. Bati ni madini, nayo yamechimbwa katika vilima vya Kyerwa tangu zama za ukoloni. Walakini bati la paa ni chuma kilichopakwa zinki. Hivyo mtu wa Nkwenda hulala chini ya kitu chenye jina la mali ya vilima vyake, hali kitu chenyewe kimetoka mbali na kununuliwa kwa fedha za kahawa yake. Mchoraji anayeliona jambo hili amekwisha kuona habari kubwa ya uchumi kabla hajachovya brashi katika rangi.

Hapana budi kutaja ajabu moja iliyomo katika lugha yetu. Kiswahili kililelewa na miji ya pwani, nacho hakikuficha upendeleo wake. Mjini ndiko kulikohesabiwa kuwa na adabu na ustaarabu. Shamba kulihesabiwa kuwa na ujinga, na hata leo kumwita mtu mshamba ni kumtukana. Kwa ulimi, basi, twausifu mji. Lakini tukishika brashi mambo hugeuka: picha zinazotundikwa katika hoteli, katika maofisi na katika kalenda ni za mashamba, mbuga na wanyama, na mji hauonekani. Ulimi wapenda mji, na jicho lapenda shamba. Yamkini sababu yake ni kuwa mji usifiwao na shamba lichorwalo ni vitu vya kuwaziwa tu. Mji wa ulimi hauna matope, na shamba la picha halina jembe. Mahali kama Nkwenda, ambapo matope na jembe na taa ya umeme vyakaa pamoja, hukosa sifa ya ulimi na hukosa sura katika picha.

Tena nchi isiyochorwa na wenyeji huchorwa na wapita njia. Mwishoni mwa mwaka 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika katika ufalme wa Karagwe, wakapokewa kwa ukarimu na Mfalme Rumanyika. Speke alipoendelea na safari ya Buganda mwanzoni mwa mwaka 1862, Grant alibaki nyuma miezi kadhaa kwa sababu ya jeraha baya la mguu. Alikuwa na mkono wa kuchora, na picha za safari ile ni miongoni mwa zile za kwanza kuipeleka sura ya Karagwe Ulaya. Hatuna sababu ya kumbeza, maana alikuwa mtu mwangalifu. Lakini wasafiri hao walipoona ziwa dogo karibu na makao ya mfalme, Grant aliliona kuwa lafanana na ziwa moja la kwao, nao wakaliita Windermere Ndogo. Hapa pana funzo. Ziwa lilikuwa na watu wake na jina lake, lakini katika kichwa cha mgeni hapakuwa na picha nyingine ya ziwa ila ile aliyotoka nayo. Alichokiona kwa wengine kikawa mfano mdogo wa kitu chake. Wala hili si la mgeni peke yake. Kila mtu huona kwa msaada wa picha alizokwisha kuziona. Mtoto wa Nkwenda ambaye picha zote alizopata kuziona ni za majiji ya maghorofa ya vioo atautazama mji wake kwa jicho lile lile la Grant: atauona kuwa ni Dar es Salaam Ndogo, au Dubai iliyoshindwa. Ataupa thamani kwa kadiri unavyofanana na kitu kingine, na pale usipofanana na kitu chochote atadhani kuwa hauna kitu.

Wachoraji wetu wakubwa hawakuanza na mji. Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, alisomea uchoraji Makerere chini ya Margaret Trowell, kisha London katika Slade School miaka ya 1950. Na Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 alirudi London kuwa balozi wake wa kwanza huko. Aliishi katika mmoja wa miji mikubwa ya dunia, lakini brashi yake ilibaki Uchagani, katika migomba na watu wafanyao kazi kwa pamoja. Picha yake ya mwaka 1956, ya watu wanaompelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, imo leo katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Na mtu wa Kagera ajuaye rubisi ataielewa bila ya mkalimani. Edward Saidi Tingatinga naye alitoka Tunduru, akapitia mkonge wa Tanga, akafika Dar es Salaam, na karibu na mwaka 1968 akaanza kuchora juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi ya kung'aa, ile ipakwayo baiskeli. Aliishi mjini, aliuza picha zake mjini, Oyster Bay, na alikufa mjini mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Lakini alichokichora aghalabu ni wanyama na ndege. Mji uliomlisha, na ambao mwisho ulimwua, haumo sana katika kazi yake.

Haifai kuwalaumu. Ntiro alichora kwa kumbukumbu, na kumbukumbu hupenda kilicho mbali. Tingatinga alichora kwa riziki, na wengi wa wanunuzi wake walikuwa wageni ambao hawakuja Afrika kutafuta sura ya barabara. Kila mmoja alikuwa na sababu ya haki. Walakini sababu zao hazithibitishi kwamba mji haustahili kuchorwa. Zathibitisha tu kuwa kuuchora kulikuwa na gharama.

Pingamizi la kwanza husema kuwa mji ni mbaya kwa sura, na mchoraji ni mtumishi wa uzuri. Basi na aache kazi ya binadamu akachore kazi ya Mungu. Neno hili lasimama juu ya mgawanyo mmoja, kwamba shamba ni maumbile na mji ni kazi ya mikono. Nkwenda yenyewe yaukanusha mgawanyo huo. Kibanja cha migomba, ambacho mgeni hukiona kuwa msitu wa neema, si maumbile. Mgomba haukuota wenyewe katika vilima vya Kagera, uliletwa, ukapandwa. Rutuba ya kibanja ni samadi iliyobebwa kutoka zizini na nyasi zilizokatwa malishoni, kizazi baada ya kizazi, hata udongo wa kibanja ukawa mbali na udongo wa malisho ulio hatua chache mbele yake. Kibanja, basi, ni jengo, ijapokuwa hakina kuta. Kama kazi ya mikono ya bibi yastahili kuchorwa, kwa hoja gani tutaikataa kazi ya mikono ya mjukuu aliyejenga duka mbele ya migomba ile? Labda duka limejengwa kwa haraka na halina nakshi. Hilo liamuliwe kwa kulitazama duka lenyewe, wala lisiamuliwe kwa kanuni iliyotangulia kutazama. Na mwenye kutazama kweli huona mengi: bati jipya hubadili rangi yake pamoja na anga tangu asubuhi hata jioni, bati kuukuu huota kutu yenye rangi ya udongo ulioizunguka nyumba, na ukuta wa matofali ya kuchoma ni ardhi ile ile ya kibanja, iliyosimamishwa tu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Lauliza: uzuri huo ni wa nani? Mwenye paa lenye kutu haoni rangi ya udongo. Aona mvua itakayomdondokea mwanawe usiku. Mchoraji aichukua kutu ile, aigeuza kuwa rangi, kisha amwuzia mtu ambaye paa lake halivuji. Kutu imemlipa mchoraji. Mwenye kutu imemlipa nini? Mfano mkubwa wa shaka hii watoka Uingereza. L. S. Lowry, aliyeishi tangu 1887 hata 1976, alichora mitaa ya viwanda ya Salford na Manchester, moshi wake na watu wake wembamba waendao kazini. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake riziki yake ilikuwa kukusanya kodi za nyumba. Alibisha hodi mlango baada ya mlango, akapokea fedha, akatazama, na usiku akachora. Alistaafu mwaka 1952, na kazi ile hakupenda ijulikane kwa watu wa sanaa. Leo picha zake huuzwa kwa mamilioni ya pauni. Mkono uliowatoza watu wale ndio uliowachora, na mtu ana haki ya kuuliza kama picha haikuwa kodi ya pili.

Hata hivyo siamini kwamba kosa, likiwapo, limo katika uzuri. Lau picha ya nyumba ya maskini ingepaswa kuwa mbaya ili iwe ya haki, tungekuwa tumemnyima maskini hata hicho. Kosa laweza kuwamo katika mambo mawili mengine. La kwanza ni kuificha sababu: kuichora kutu kana kwamba umaskini ni hali ya hewa, umeshuka kama ukungu wa asubuhi, hali twajua kuwa umo ndani yake mkono wa bei ya kahawa na maamuzi ya watu wenye majina. La pili ni kumnyima mkaaji neno juu ya sura yake mwenyewe. Kwa hiyo naona kipimo kiwe hiki: picha ya mji ni ya haki ikiwa mkaaji wake aweza kuitambua, na akiisha kuitambua aweza kubishana nayo.

Kipimo hiki si cha kubuni. Kilitumika katika mji unaosema Kiswahili, Lubumbashi, ambako katika miaka ya 1960 na 1970 wachoraji waliwauzia picha wafanyakazi na makarani wa mji ule ule, nao wakazitundika katika sebule zao. Mmoja wao, Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian kati ya 1973 na 1974 picha 100 na ushei za historia ya nchi yake, akazieleza kwa Kiswahili cha Katanga. Picha moja iliyopendwa sana mjini humo ni ya zama za Wabelgiji: mfungwa anachapwa viboko katika ua wa gereza, na ofisa mzungu anatazama. Neno walilolitumia wenyewe kwa picha za namna hii ni ukumbusho. Mtu hakuitundika picha ile kwa kuwa yapendeza. Aliitundika kwa kuwa ilizungumzisha waliokuja kumtembelea: huyu akisema ndivyo ilivyokuwa, yule akikataa. Mnunuzi na mchorwaji walikuwa watu wa hali moja, na picha ilipokosea, mlango wa mchoraji haukuwa mbali.

Mambo ni magumu zaidi kwa mchoraji wa leo ambaye picha zake husafiri. Michael Armitage alizaliwa Nairobi mwaka 1984, akasoma katika Slade School ile ile ya Ntiro. Huchora juu ya lubugo, nguo ya gome la mti lipondwalo Uganda, ufundi ambao UNESCO iliutangaza mwaka 2005 kuwa miongoni mwa urithi mkuu wa wanadamu. Kagera nako mababu walivaa magome ya namna hiyo kabla ya pamba kuenea. Lakini Armitage aliikuta lubugo sokoni Nairobi ikiuzwa kwa watalii. Nguo ile ina matundu na mishono, naye haizibi wala haifichi: tundu hubaki katikati ya anga au uso wa mtu. Mwaka 2017, wakati wa uchaguzi wa Kenya, alihudhuria mkutano wa siasa katika Uhuru Park, Nairobi, na picha zilizotokana na siku ile zilionyeshwa Venice mwaka 2019. Watu wa Uhuru Park hawakupanda ndege kwenda Venice kubishana nazo. Kwa kipimo chetu huo ni upungufu, na ni upungufu wa soko zima la sanaa kuliko wa mtu mmoja. Lakini mwaka 2020 alianzisha taasisi ya sanaa mjini Nairobi, ambamo kazi za wachoraji wa Afrika Mashariki zaweza kutazamwa na watu wa Nairobi. Deni halikwisha, lakini sehemu yake imerudishwa mahali lilipokopwa.

Nimesema juu ya haki, sasa wajibu. Msomaji aweza kusema kuwa mchoraji ni huru, na asiyetaka kuchora mji asilazimishwe. Ni kweli kwa mchoraji mmoja mmoja. Lakini mji ambao hakuna hata mmoja wa watu wake anayeuchora haubaki bila rangi. Wapo wawili wanaoupaka daima. Wa kwanza ni mamlaka: nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya barabara huwekwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na alama hiyo yasema kuwa hapa hapana nyumba, ijapokuwa ndani yake watu wanapika. Wa pili ni mfanyabiashara: makampuni ya simu na ya vinywaji hupaka duka zima rangi zao, kuta na milango, na rangi hiyo yasema kuwa hapa pana mteja. Yawezekana alama ya X ina sheria nyuma yake, na rangi ya kampuni ina makubaliano. Sizilaumu. Nasema tu kwamba hakuna kati yao anayesema kuwa hapa pana mtu, mwenye dirisha alilolichagua, na mwembe alioupanda, na ngazi aliyoijenga vibaya akaizoea. Neno hilo la tatu likikosa msemaji, mji utajulikana kwa maneno mawili ya kwanza.

Watu wa kale wa Siena, katika Italia, walilijua jambo hili. Mwaka 1338 na 1339 Ambrogio Lorenzetti alichora kuta za chumba walimokutana watawala wao tisa. Ukutani aliuweka mji wenye utawala mwema: mafundi juu ya paa, maduka yaliyo wazi, watu wanaocheza, na nje ya lango wakulima na mavuno yao. Aliuweka pia mji wenye utawala mbaya, nyumba zake zimebomoka na mashamba yake ni ukiwa. Kila walipoketi kuamua, watawala walikuwa wanatazamwa na mji wao. Katika vyumba vyetu vya mikutano ukutani huwa mna picha za viongozi na ramani. Ramani ni kitu cha lazima, lakini huonyesha mipaka na njia. Haimwonyeshi mama auzaye maharage kando ya njia ile. Diwani anayeamua habari ya stendi au soko huku akiitazama picha ya soko lenyewe, iliyochorwa na mtu anunuaye humo, aweza bado kuamua vibaya. Lakini hawezi tena kuamua kana kwamba mahali pale ni karatasi nyeupe.

Pingamizi la mwisho ni la mtu wa kazi: picha haileti maji. Neno hili lina ukweli, wala sioni faida ya kulikwepa. Kati ya kisima na picha, mtu mwenye akili huchagua kisima, na mchoraji asiyekiri hivyo asiaminiwe katika mengine. Lakini swali halikuwa kama picha yatangulia maji. Watu wa Nkwenda hawakungoja maji ya bomba ndipo waimbe, au ndipo wawape watoto wao majina yenye maana. Walifanya vyote pamoja, kwa kuwa mtu hatimizi haja zake kwa foleni.

Basi masharti ni haya. Mchoraji wa mji na asiifiche sababu ya kile anachokichora. Na aionyeshe picha yake kwanza mahali alipoitoa, hata kama ni ukutani mwa shule au barazani mwa duka, asikie yatakayosemwa, kabla ya kuipeleka kwa mnunuzi. Mji nao wadaiwa kumpa nafasi na kumvumilia anapoonyesha lisilopendeza. Na sisi wenye kalamu twadaiwa maneno, maana lugha iliyo na majina mengi ya dau na ya upepo bado haina majina ya kutosha kwa viunga, kwa mahali ambapo kibanja chaishia na duka laanzia. Nkwenda haitabaki kama ilivyo. Migomba iliyo nyuma ya maduka itapungua, na mabati ya leo yatang'olewa. Wajukuu watakapouliza mji wao ulikuwaje ulipokuwa mdogo, wakute jibu lililotolewa na mtu aliyeishi ndani yake.